Kitabu Kimoja Kizuri Kwanza

Kila msimu wa kuandika mapendekezo ya utafiti, sentensi moja husikika katika ofisi za wasimamizi, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi na Kampala: "Mwalimu, mada yangu haina vitabu." Mwanafunzi anayeisema hadanganyi. Ameketi mbele ya kompyuta ya maktaba, akaandika kichwa kizima cha utafiti wake, tuseme "Nafasi ya imani za jadi katika Vita vya Maji Maji kusini mwa Tanganyika, 1905–1907", akabonyeza, na kompyuta ikamjibu kwamba hakuna kilichopatikana. Akajaribu kwa Kiingereza, jibu likawa lile lile. Basi akanyanyuka, akaenda kusaka kurasa za bure kwenye simu, na utafiti wake ukaja kusimama juu ya makala mbili tatu ambazo hakuna ajuaye zimeandikwa na nani. Jambo hili linaniuma, kwa sababu vitabu anavyovihitaji vipo, na baadhi viko katika jengo lile lile.

Kosa si la mwanafunzi peke yake. Katika semina ya wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza huonyeshwa mahali pa kuacha begi na namna ya kukaa kimya, lakini ni mara chache mtu humweleza katalogi inafanya kazi vipi. Na hapo ndipo pa kuanzia: katalogi haisomi vitabu. Injini za utafutaji za intaneti zimetuzoesha kuuliza swali zima na kujibiwa, kwa kuwa zinapitia maandishi yote ya kurasa. Katalogi ya chuo inapitia rekodi fupi tu ambayo mkutubi ameiandika kwa kila kitabu: mwandishi au wahariri, kichwa, mahali na mwaka wa kuchapishwa, mchapishaji, idadi ya kurasa, mada, na namba inayoonyesha kitabu kinakaa rafu gani. Ukiiandikia maneno kumi, inatafuta rekodi yenye maneno yote kumi. Rekodi ya namna hiyo haipo.

Kwa hiyo anza na maneno mawili, matatu yakizidi. Nitautumia huo mfano wa Maji Maji katika makala yote, maana ni mada inayochaguliwa kila mwaka, vitabu vyake vimeandikwa kwa Kiswahili, Kiingereza na Kijerumani, na vimetawanyika kiasi kwamba anayeweza kuvikusanya anaweza kukusanya vya mada nyingine yoyote.

Andika "Maji Maji" tu. Kisha andika "Majimaji" kama neno moja, halafu "Maji-Maji" kwa kistari, kwa sababu mashine nyingine huyahesabu haya kuwa maneno tofauti. Usiongeze neno la Kiingereza la vita mpaka ujue kwamba waandishi hawakukubaliana juu yake. Wanahistoria Gwassa na Iliffe walipochapisha mkusanyo wao wa kumbukumbu mwaka 1968 waliliita tukio hilo "Rising". John Iliffe mwaka mmoja nyuma alikuwa ameandika makala katika jarida la historia ya Afrika, humo akatumia "Rebellion". Gilbert Gwassa katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1973, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akasema "War". Wengine husema "Uprising", na Wajerumani wana "Aufstand" lao. Mwanafunzi aliyeng'ang'ania "Maji Maji Rebellion" ndani ya alama za kunukuu amejifungia nje ya kazi ya Gwassa, ambaye ndiye aliyepaswa kuanza naye.

Mashine nyingi zinakuruhusu kuunganisha maneno kwa neno la Kiingereza OR kwa herufi kubwa, ili zikuletee rekodi yenye lolote kati ya hayo. Nyota nayo husaidia: ukiandika Tanganyik* utapata Tanganyika pamoja na Tanganyikan. Haya ujifunze mara moja, yamekwisha. Kuna jambo kubwa zaidi.

Tazama vitabu ambavyo utafutaji wa "Maji Maji" katika kichwa cha kitabu hauwezi kukuletea hata ukijaribu tahajia zote. Gustav Adolf von Götzen, gavana aliyeendesha vita upande wa Wajerumani, alichapisha simulizi yake mwaka 1909 na kuiita "Deutsch-Ostafrika im Aufstand 1905/06", maji hayamo. Iliffe ana kitabu cha mwaka 1969 juu ya Tanganyika chini ya utawala wa Wajerumani kuanzia 1905 hadi 1912, na kichwa chake hakitaji Maji Maji. Thaddeus Sunseri aliandika "Vilimani", 2002, juu ya kazi na mabadiliko ya vijijini katika kipindi hicho. Huwezi kuvijadili vyanzo vya vita bila kukipitia, na kichwa chake kingeweza kuwa cha riwaya. Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya "Kinjeketile" mwaka 1969. Na kuna kitabu kilichohaririwa na Terence Ranger na Isaria Kimambo mwaka 1972 kuhusu utafiti wa kihistoria wa dini za Kiafrika, ambacho ndani yake Gwassa ana sura inayomhusu nabii Kinjikitile na itikadi ya Maji Maji. Kwa mwanafunzi wetu anayechunguza imani za jadi, sura hiyo ni ya lazima, na kwenye jalada la nje hakuna dalili yoyote kwamba imo.

Vitabu vya namna hii vinapatikanaje basi? Kwa kutafuta kitabu kimoja kizuri kwanza, na kukiacha hicho kikuongoze.

Chukua kitabu cha "Maji Maji: Lifting the Fog of War", kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson, kikachapishwa na Brill mwaka 2010. Hiki katalogi itakipata kwa maneno mawili. Usiishie kwenye orodha ya majibu, ambako unaona kichwa na mwaka tu. Bonyeza kichwa, rekodi kamili ifunguke, kisha ishuke taratibu kwa macho. Chini ya majina ya wahariri na idadi ya kurasa utakuta mistari ya mada. Imeandikwa kwa Kiingereza cha kiofisi, ina vistari katikati, na mara nyingi kila mmoja unabonyezeka. Mistari hiyo ndiyo hazina ya katalogi, na ndiyo ambayo wanafunzi wengi huiruka.

Mada hizo hazikubuniwa na mkutubi wa zamu. Zinatoka kwenye orodha rasmi, iliyo maarufu zaidi ikiwa ile ya Maktaba ya Bunge la Marekani, inayotumiwa na maktaba za vyuo karibu dunia nzima. Faida yake ni kwamba mkutubi huangalia kitabu kinahusu nini, halafu hukipa neno rasmi hata kama mwandishi alitumia neno jingine. Mwanafunzi wa fasihi akitafuta kwa neno "poetry" katika vichwa vya vitabu atampata Lyndon Harries wa 1962, lakini atamkosa Jan Knappert wa 1979, kwa kuwa yeye alisema "verse". Akibonyeza mada ya "Swahili poetry" wote wawili wanakuja, na pamoja nao vitabu vya Kiswahili ambavyo havina neno la Kiingereza hata moja kwenye jalada. Ndiyo maana nasema mwanafunzi wa Kiswahili asiione aibu kutafuta mada kwa Kiingereza hata kama anaandika kwa Kiswahili. Lugha ya orodha ni hiyo, na ukiijua unavipata vitabu vya lugha yako vingi kuliko unavyovipata kwa lugha yako yenyewe. Ningependa siku moja iwe vinginevyo.

Onyo moja kwa watu wa fasihi. Mada hupewa zaidi vitabu vinavyozungumzia kazi za fasihi, na mikusanyo ya waandishi wengi. Diwani ya mshairi mmoja au riwaya yenyewe mara nyingi haipewi mada yoyote. Hapo utatafuta kwa jina la mtunzi, au utakwenda rafuni kwa miguu yako.

Ukishabonyeza mada ya kitabu cha Giblin na Monson, mashine itakuletea vitabu vingine vyenye mada hiyo hiyo. Fungua viwili vitatu vinavyokuvutia, tazama mada zao nyingine, bonyeza tena. Kitabu kimoja kitakupeleka kwenye historia ya Tanzania wakati wa ukoloni, kingine kwenye upinzani dhidi ya serikali, kingine kwenye dini, kingine kwenye kazi za mashambani. Baada ya mizunguko michache utaona majina ya waandishi wale wale yanajirudia. Hiyo ni ishara njema: umeanza kuijua familia ya vitabu vya mada yako, na sasa unaweza kuandika kichwa cha utafiti kilicho na mashiko, kwa sababu umeona wengine wameishia wapi.

Jambo linalowakwamisha sana watafiti wa Afrika Mashariki ni majina ya nchi. Kitabu hubeba jina lililokuwa likitumika kilipochapishwa. Anayetafuta historia ya Tanzania Bara ajaribu Tanzania, Tanganyika, Tanganyika Territory, German East Africa na Deutsch-Ostafrika. Wa Kenya akumbuke kwamba kabla ya 1920 nchi ilikuwa ikiitwa East Africa Protectorate. Wa Rwanda na Burundi ajaribu Ruanda-Urundi, na wa Kongo asisahau Zaire kwa vitabu vya kati ya 1971 na 1997, pamoja na Congo Belge kwa vya zamani zaidi. Majina ya makabila na lugha nayo yana viambishi vinavyokuja na kutoweka: Matumbi na Wamatumbi, Ngoni na Wangoni na Angoni, Chaga na Chagga, Kikuyu na Gikuyu na Agikuyu. Orodha rasmi kwa kawaida hupenda jina bila kiambishi, lakini vichwa vya vitabu havina sheria, kwa hiyo jaribu yote.

Majina ya watu pia. Götzen ana nukta mbili juu ya herufi o. Kama kibodi yako haina herufi hiyo, andika Gotzen, na ikikataa, Goetzen. Nabii wa Ngarambe huandikwa Kinjikitile katika vitabu vya historia, na Kinjeketile katika tamthilia ya Hussein. Gwassa yumo kwa vifupisho G. C. K. na yumo kwa majina kamili. Shaaban Robert katika katalogi moja utamkuta chini ya R, kwingine chini ya S. Na kuna waandishi ambao si watu: ripoti za serikali huingizwa kwa jina la nchi na wizara kana kwamba wizara ndiyo mwandishi, na taasisi vivyo hivyo. Ukiitafuta ripoti kwa jina la waziri aliyeandika dibaji hutaipata.

Hili la taasisi linanipeleka kwenye kitu ambacho kila mwanafunzi wa Maji Maji anapaswa kukishika mikononi. Mwaka 1968, wanafunzi wa historia wa kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walikwenda vijijini katika maeneo yaliyopigana, wakawahoji wazee waliokuwa wakikumbuka vita au waliosimuliwa na wazazi wao, kisha wakaandika taarifa. Kazi hizo zilikusanywa pamoja kwa jina la Maji Maji Research Project. Zimetajwa na karibu kila mwandishi wa maana aliyekuja baadaye. Waliozikusanya walikuwa wanafunzi kama wewe, na leo hakuna profesa anayeweza kuandika juu ya vita hivyo bila kuwapitia. Ukimtafuta mwandishi mmoja wa kazi hiyo utapotea. Tafuta jina la mradi, na uelekee sehemu ya makusanyo maalumu.

Makusanyo maalumu nayataja kwa makusudi. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam sehemu hiyo inajulikana kama East Africana, na vyuo vingine vikubwa vina ya kwao kwa jina hili au lile. Humo ndimo mnamokaa tasnifu, ripoti za zamani, machapisho ya serikali, magazeti na vitabu ambavyo nakala yake ikipotea haipatikani tena. Havipangwi kwenye rafu za wazi na haviazimwi kwenda bwenini. Rekodi ya katalogi huonyesha mahali kitabu kilipo, kwa hiyo soma neno hilo kabla hujaanza kupanda ngazi. Wengi huzunguka rafu za wazi saa nzima wakitafuta kitabu kilicho nyuma ya kaunta. Nenda na kitambulisho, penseli na karatasi, na mwandikie mkutubi namba kamili. Uliza mapema kama kupiga picha kwa simu kunaruhusiwa. Na kwa kuwa katika maktaba kongwe si kila kitu kimehamishwa kutoka kwenye kadi za zamani hadi kwenye kompyuta, uliza pia kama kabati la kadi bado lipo. Kadi moja iliyochapwa kwa taipureta inaweza kukupa kitu ambacho mashine haikijui.

Sasa rafu. Vyuo vikuu vingi vya ukanda wetu hupanga vitabu kwa mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ule unaoanza na herufi. Maktaba za umma na za shule nyingi hutumia mfumo wa Dewey wa namba tupu, ambamo historia ya Tanzania iko 967.8. Katika mfumo wa herufi, historia ya Afrika ni DT, na Tanzania imepewa DT 436 hadi 449. Kenya iko jirani, mwishoni mwa 433 na kwenye 434. Lugha na fasihi ya Kiswahili ni PL 8701 hadi 8704. Namba iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu husomwa kipande kwa kipande. Herufi za mwanzo ni za taaluma. Namba inayofuata husomwa kama namba kamili, hivyo DT 45 iko kabla ya DT 436. Kisha huja nukta, herufi na tarakimu, na hapa ndipo watu hupotea: tarakimu za baada ya nukta husomwa kama desimali. .I425 inatangulia .I43, ingawa mia nne ishirini na tano ni kubwa kuliko arobaini na tatu. Mwanafunzi asiyejua hili atakwenda mbele ya .I43, hataona kitabu, na ataondoka akiamini kimeibiwa.

Ukishakipata, usikichomoe ukakimbia. Tazama vitabu vya kulia na vya kushoto kwa umbali wa mkono. Vimewekwa pale kwa sababu vinahusu jambo moja, na daima kuna kimoja ambacho hukukiona kwenye kompyuta. Fungua yaliyomo, kisha faharasa ya mwisho, utafute neno lako. Dakika moja inatosha kujua kama kitabu kina kurasa mbili za mada yako au arobaini.

Lakini rafu moja haitoshi. Kitabu kimoja kinaweza kusimama mahali pamoja tu, hata kama kinahusu mambo matatu. Historia ya Maji Maji iko DT. Tamthilia ya Hussein iko PL, pengine ghorofa nyingine kabisa. Kitabu cha Ranger na Kimambo kiko BL, kwenye dini. Kitabu cha kazi na uchumi kama cha Sunseri tarajia kukikuta kwenye H. Mwanafunzi aliyezurura DT peke yake, hata akizurura kwa bidii, atarudi na historia ya kisiasa na kijeshi, halafu aandike kana kwamba dini na kazi hazikuhusika. Mada za katalogi ndizo zinazoviunganisha vitabu ambavyo rafu imevitenganisha, na ndiyo sababu nasisitiza kwamba kompyuta na miguu vifanye kazi kwa zamu.

Baada ya hapo soma tanbihi na marejeo ya kile kitabu kizuri cha kwanza. Humo utakutana na sura ya Gwassa niliyoitaja. Na hapa lipo kosa ambalo limewakatisha tamaa wengi: mwanafunzi huchukua kichwa cha sura, akakiandika kwenye katalogi, akaambiwa hakuna. Katalogi kwa kawaida haina vichwa vya sura. Tafuta kitabu kilichoibeba sura hiyo, yaani kichwa na wahariri wanaofuata baada ya neno "katika" au "in" kwenye marejeo. Vivyo hivyo kwa makala ya jarida: katalogi itakuonyesha kama maktaba ina jarida hilo na la miaka ipi, si makala moja moja. Ile makala ya Iliffe ya 1967 utaitafuta kwa jina la jarida, au kwenye hifadhidata za majarida ambazo chuo kimejiunga nazo. Marcia Wright ana sura juu ya unabii na uandishi wa historia ya Maji Maji katika kitabu cha 1995 kuhusu manabii wa Afrika Mashariki. Huyu naye utamfikia kwa mlango huo huo.

Tasnifu zisisahaulike. Siku hizi vyuo vingi vina hazina ya kidijitali ya tasnifu, ambayo mara nyingi ina ukurasa wake tofauti na katalogi ya vitabu, hivyo ukitafuta mahali pamoja umetafuta nusu. Tasnifu pia hugeuka kitabu. Ile ya Gwassa ya 1973 ilikaa zaidi ya miaka 30 kabla ya kuchapishwa Köln mwaka 2005. Kwa hiyo ukiona tasnifu nzuri katika marejeo na huifikii, litafute jina la mwandishi upya: huenda kuna kitabu.

Na kama kitabu hakipo chuoni kwako kabisa? Kwanza hakikisha. Rekodi ikisema kipo na rafu ikawa wazi, tazama meza za kusomea, toroli la vitabu vilivyorudishwa, rafu ya juu na ya chini, na sehemu ya vitabu vya kuazimwa kwa saa chache ambako wahadhiri huviweka vile vya kozi. Kikiwa kimeazimwa, omba uwekewe zamu. Programu ya maktaba iitwayo Koha, ambayo ni ya bure na maktaba nyingi zinaitumia, inaruhusu hilo kwa kubonyeza mara moja ukiwa umeingia kwa akaunti yako. Wengi hawajawahi hata kuifungua akaunti hiyo.

Kisha toka nje kwa katalogi za wengine, maana kuzitazama ni bure. WorldCat inakusanya rekodi za maktaba za nchi nyingi, nayo itakuambia kitabu kipo wapi na kimechapishwa mara ngapi. Kwa vitabu vya Kijerumani kuna katalogi ya pamoja ya Karlsruhe, inayotafuta katika maktaba nyingi kwa mkupuo. SOAS ya London, Kituo cha Masomo ya Afrika cha Leiden, na maktaba ya Herskovits ya Chuo Kikuu cha Northwestern zina makusanyo makubwa ya Afrika. Maktaba ya Bunge la Marekani yenyewe ina ofisi Nairobi tangu 1966, inayonunua vitabu, magazeti na hata vijitabu vinavyochapishwa ukanda huu. Ndiyo maana kijitabu kilichochapishwa Dar es Salaam kwa nakala chache, ambacho hukioni kwenye duka lolote la vitabu mjini, unaweza kukiona katika katalogi ya Washington. Hutakwenda Washington kukisoma, lakini umeshajua kipo, mchapishaji ni nani na mwaka gani. Kwa taarifa hizo mkutubi wako anaweza kuandika kuomba nakala ya sura moja, au wewe ukaanza kuuliza kwa mchapishaji, Maktaba Kuu ya Taifa, au maktaba ya taasisi husika.

Vitabu vya zama za Wajerumani, kwa kuwa haki zake za uchapishaji zimeshapitwa na muda, vingi vimepigwa picha na kuwekwa intaneti katika hazina kama HathiTrust na Internet Archive. Hapo tumia kichwa kamili ulichokipata kwenye katalogi, si maneno ya kubahatisha. Kama husomi Kijerumani, tafuta mwanafunzi au mwalimu anayekisoma akusaidie kurasa chache unazozihitaji, na useme wazi katika kazi yako kwamba ulisaidiwa.

Tunafanya yote haya kwa sababu nzito. Chukua swali jepesi: ni watu wangapi walikufa katika Maji Maji? Makadirio ya Wajerumani yalikuwa kama 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, akihesabu njaa iliyofuata mashamba na maghala yalipochomwa. Anayesoma kitabu kimoja hubeba idadi moja na kuiandika kana kwamba imekubaliwa na wote. Aliyevipata vyote analazimika kuuliza nani alihesabu, alihesabu nini, na alikuwa na sababu gani ya kuhesabu kidogo. Swali hilo linaweza kuwa tasnifu nzima, na limezaliwa kwa kuwa na vitabu viwili mezani badala ya kimoja. Tazama kwa hiyo mwaka na mchapishaji katika kila rekodi, na uchanganye kwa makusudi: kitabu cha mkoloni, cha kizazi cha Dar es Salaam cha miaka ya 1960 na 1970, na cha watafiti wa karibuni.

Usione haya kumwendea mkutubi. Nenda na karatasi yenye mada yako kwa sentensi mbili, maneno uliyokwisha kuyajaribu, na kitabu kimoja ulichokipenda. Ukisema "naomba vitabu vya historia" atakuelekeza DT na mtaachana hapo. Ukisema "Mama, nimeipata sura hii ya Gwassa kuhusu Kinjikitile, nataka nyingine zinazozungumzia dini na upinzani", atakaa na wewe. Kila mara nimeona hivyo: mkutubi aliyepewa swali lenye sura hulifuatilia hata baada ya mwanafunzi kuondoka, na siku ya pili anamwita kaunta kumwonyesha kitu.

Mwisho, andika papo hapo. Unapofungua rekodi, nakili jina la mwandishi kama lilivyo, kichwa kizima, wahariri, mji, mchapishaji, mwaka, na namba ya rafu. Kwa sura, ongeza kurasa zake za mwanzo na mwisho. Andika pia maneno uliyotafuta, katalogi gani na tarehe gani, hata yale ambayo hayakuleta kitu, ili usiyarudie mwezi ujao na ili umjibu msimamizi akikuuliza umetafuta wapi. Ukinakili ukurasa kwa simu, piga kwanza picha ya ukurasa wa kichwa na ule wa nyuma yake wenye mwaka wa chapa, ndipo upige zile unazozihitaji. Na kama kitabu cha lazima hakipo chuoni, jaza fomu ya kupendekeza kinunuliwe. Maktaba nyingi zinayo, na hakuna anayejua mahitaji ya mada yako kuliko wewe. Kitabu chenyewe kinaweza kufika ukiwa umeshahitimu, akakikuta mwenzako wa mwaka wa kwanza.